Je, macho huitii akili?

CHORA mistari miwili yenye urefu sawa. Wa kwanza uutie vichwa vya mshale pande zote mbili. Wa pili uutie vichwa hivyo vikiwa vimegeuzwa, vipanuke nje mithili ya panda ya manati. Wa pili utaonekana mrefu zaidi. Ipime kwa rula, nayo ni sawa. Itazame tena: wa pili bado ni mrefu.

Kiinimacho hiki, kilichoelezwa na Mjerumani Franz Müller-Lyer mwaka wa 1889, ni kielelezo mashuhuri katika mjadala ambao wanafalsafa na wanasaikolojia hawajaumaliza: je, kuona ni idara inayojitegemea akilini, isiyopokea amri kutoka kwa ujuzi na imani za mtu?

Mwanafalsafa Mmarekani Jerry Fodor (1935-2017) alikubali hivyo katika kitabu The Modularity of Mind cha mwaka wa 1983. Kwa maoni yake, akili ina vitengo, alivyoviita moduli, ambavyo hufanya kazi kwa kasi, bila hiari ya mtu na bila kuchungulia anayoyajua. Rula imekwisha kusema ukweli, lakini kitengo cha kuona hakina habari. Faida yake ni dhahiri, kwani anayeona tu anachokitarajia hawezi kumwona chui asiyemtarajia.

Mwaka huo huo, watafiti wa Munich, Ujerumani, walieleza hali ya mwanamke aliyedhurika ubongo pande zote mbili, upande wa nyuma. Rangi na vitu alivitambua. Kilichompotea ni mwendo. Chai ikimiminwa kikombeni aliiona imeganda kama barafu, asijue wakati wa kuacha kumimina. Gari lililokuwa mbali lilimtokea ghafla karibu naye, na kuvuka barabara kukawa hatari.

Kisa hicho huonyesha mgawanyo wa kazi. Hakionyeshi kwamba kila kitengo kimefungiwa ujuzi.

Pingamizi kubwa lilitoka kwingine. Mwaka wa 1966, Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walichapisha matokeo ya kuwaonyesha watu wa jamii mbalimbali mistari hiyo, wakiwemo Waankole na Watoro wa Uganda. Wamarekani wa Evanston walidanganyika sana. Wasan wa Kalahari, karibu hawakudanganyika. Wapo walioeleza tofauti hiyo kwa kukulia miongoni mwa majengo yenye pembe nyoofu.

Robert McCauley na Joseph Henrich, walioupitia ushahidi huo mwaka wa 2006, walitenga mambo mawili: kujua kwa ghafla hakubadilishi kinachoonekana, ila malezi ya miaka mingi, hasa utotoni, huenda yakakibadilisha.