Nukushi: mashine iliyogoma kutoka hospitalini

Chukua barua yoyote ya zamani ya ofisi ya serikali, tazama pale juu kwenye anuani. Utakuta simu, kisha nukushi, kisha barua pepe. Wengi wa rika langu tumelisoma neno nukushi mara nyingi kuliko tulivyoiona mashine yenyewe, ambayo mitaani tuliiita faksi. Mimi nilidhani imeshaenda makumbusho zamani. Kumbe kuna mahali iligoma kabisa kutoka, tena katika nchi tajiri: hospitali za Uingereza.

Ndugu msomaji, nianze na kisa kimoja. Mwaka 2011, kitengo kimoja cha tiba shufaa jijini London, yaani wanaohudumia wagonjwa mahututi wasiotarajiwa kupona, kilikuwa kikituma kwa faksi orodha za wagonjwa wake kwenda hospisi. Namba haikuwa sahihi. Kwa miezi mitatu karatasi zikawa zinatoka kwa mtu baki asiyehusika kabisa. Zilikuwa faksi kama 45, zenye habari za watu 59: ugonjwa wa kila mmoja, hali ya nyumbani kwake, hata maelekezo kama moyo wake ukisimama ajaribiwe kufufuliwa au aachwe. Waligundua pale tu yule mtu alipojitokeza mwenyewe kusema kwamba amekuwa akizipokea na kuzichanachana. Mei 2012 mamlaka inayosimamia faragha ya taarifa iliitoza taasisi husika, Central London Community Healthcare, faini ya pauni 90,000. Taasisi ikakata rufaa, ikashindwa.

Hebu fikiria: bila uungwana wa mtu yule, zingeendelea kwenda hadi lini?

Sasa turudi nyuma kidogo. Faksi ni kongwe kuliko simu. Alexander Bain, fundi saa wa Scotland, alipata hataza yake mwaka 1843, miaka 33 kabla ya Bell kupata hataza ya simu. Mwaka 1865 padri wa Kiitaliano, Giovanni Caselli, alikuwa tayari na huduma ya kupeleka picha na maandishi kwa waya kati ya Paris na Lyon, na mabenki yakaitumia kuhakiki saini. Hapo ndipo penye siri ya maisha marefu ya mashine hii. Telegrafu ilibeba maneno tu, bali faksi ilibeba mwandiko na saini ya mtu.

Mwaka 1966 Xerox walitoa mashine ya kilo 21 hivi iliyotumia laini ya kawaida ya simu. Ukurasa mmoja ulichukua dakika kama sita. Mwaka 1980 kikapitishwa kiwango cha kimataifa kilichoziwezesha mashine za makampuni mbalimbali kuelewana, ukurasa ukaenda kwa dakika moja au chini yake. Kuanzia hapo faksi ikaingia kila ofisi, na hospitali zikaipokea kwa mikono miwili. Daktari anaandika rufaa kwa mkono, anatia saini, karani anabonyeza namba, na dakika hiyo hiyo karatasi iko mji mwingine. Hakuna nywila ya kukumbuka wala programu ya kujifunza.

Barua pepe ilipokuja, hospitali ziliiogopa. Waliona faksi inapita kwenye laini ya simu, haiko kwenye intaneti, kwa hiyo ni salama. Halafu majaribio makubwa ya kuhamia kwenye kompyuta yaliwaumiza. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa wa England. Mwaka 2011 ukatangazwa kuvunjwa, gharama zikihesabiwa karibu pauni bilioni 10. Ukishaona hivyo, unaanza kumwelewa yule muuguzi aliyeing'ang'ania mashine yake kuukuu. Angalau yeye aliiona ikifanya kazi.

Mambo yaligeuka mwaka 2018. Julai, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji kilitoa hesabu yake: hospitali za England zilikuwa bado na faksi karibu 9,000. Hospitali za Newcastle peke yake zilikuwa nazo zaidi ya 600. Agosti, watafiti wawili wa kampuni ya Check Point wakaonyesha hadharani kwamba mdukuzi akijua tu namba ya faksi anaweza kuingia kupitia mashine yenyewe hadi kwenye mtandao wa ofisi nzima. Hoja ya usalama ikafa hapo. Desemba, waziri wa afya Matt Hancock akatangaza marufuku: kuanzia Januari 2019 hakuna kununua faksi mpya, na matumizi yote yakome ifikapo Machi 31, 2020. Tarehe hiyo ilipofika, Uingereza ilikuwa imeshafungiwa ndani na korona.

Kilichokusudiwa kuchukua nafasi yake ni barua pepe maalum ya watumishi wa afya na mifumo ya rufaa ya kielektroniki. Ujumbe unafumbwa njiani, mpokeaji anajulikana kwa jina, na mfumo unaweza kuweka kumbukumbu ya nani alifungua na saa ngapi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Faksi ikikuambia "imefika", maana yake ni kwamba mashine nyingine imeitika. Nani aliiokota ile karatasi, haijui.

Lakini tusidanganyane kwamba kompyuta ni malaika. Novemba 2016 ujumbe mmoja wa majaribio uliwafikia mamia ya maelfu ya watumishi kwa bahati mbaya, wakaanza kujibizana wote kwa wote mpaka mfumo ukalemewa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga kazi katika taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za afya za England, watu wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Namba isiyo sahihi inaweza kuwa anwani isiyo sahihi. Uzembe nao unahama pamoja na mtambo.

Kwa mtazamo wangu, faini ile ya mwaka 2012 haikuwa ya mashine. Mamlaka ilisema wazi kwamba ukaguzi wa kuhakikisha faksi zinamfikia mlengwa haukutosha, na mafunzo kwa wafanyakazi hayakutosha. Swali hilo linatuhusu hata sisi ambao faksi imetupita. Leo majibu ya vipimo yanapigwa picha kwa simu na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna anayetetemeka. Je, tunajua nani yuko upande wa pili? Na akiwa mtu baki, atakuwa muungwana kama yule wa London?