Mbona Madaktari na Wauguzi Wetu Wafunga Virago?

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Magharibi, mpwa wangu alipiga hodi akiwa na simu mkononi. Ni muuguzi, mwaka wa sita sasa, katika hospitali moja ya umma hapa Pwani. Alitaka nimsaidie kujaza fomu ya kuomba kazi Uingereza.

Nilimkemea. "Na mamako wamwachia nani?" Dadangu ana kisukari, na binti huyu ndiye anayempima na kumdunga sindano. Akanijibu kwa upole, "Mjomba, lau ni mshahara peke yake ningeondoka zamani."

Nikamwomba aketi anieleze. Aliyoniambia, pamoja na yale tuliyoyaona wenyewe miaka hii ya migomo, nimeyapanga hapa.

Kwanza ni mshahara unaochelewa. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti. Fedha zikikawia kutoka Hazina ya Kitaifa, mishahara nayo hukawia. Mwenye nyumba hangoji, wala karo ya watoto haingoji.

Pili ni ahadi zinazovunjwa. Madaktari waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi nao wakagoma miezi mitano mwaka huo wa 2017. Mkataba uliopatikana ulimpa daktari mwanagenzi takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikataka kumlipa 70,000, na mgomo uliozuka ukachukua siku 56. Kijana aliyeona haya hawezi kupanga maisha yake kwa kutegemea saini ya mwajiri.

Tatu ni ajira ya muda. Wahudumu walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote, UHC, walipewa mikataba, na wameandamana mara kadhaa kudai ajira ya kudumu. Ajabu ni kwamba wako wauguzi waliohitimu wanaokaa nyumbani bila kazi, na wodi hazina watu wa kutosha.

Nne ni kukwama. Mtu huenda kusoma akaongeza ujuzi, akirudi hubaki katika cheo kile kile miaka na miaka.

Tano ni kazi yenyewe, na hapa ndipo mpwa wangu alipolia. Usiku mmoja alikuwa peke yake wodini na wagonjwa zaidi ya thelathini. Mama mmoja akaanza kuvuja damu baada ya kujifungua. Damu ya kumwongezea haikuwepo, na gari la wagonjwa lilikuwa limetoka. Mama yule alifariki kabla ya alfajiri. Jamaa zake walipofika walimtukana muuguzi. Jioni yake alirudi kazini kama kawaida, na hakuna mkubwa aliyemuuliza hali.

Huko nje nako milango i wazi. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya kule, na hospitali za Saudia na nchi nyingine za Ghuba zimeajiri wauguzi wa kigeni tangu zamani.

Ndugu msomaji, tusiwaite wasaliti. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijafika hapo. Kila mwaka makadirio ya bajeti yapaswa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Twendeni vikao hivyo. Tumuulize mwakilishi wetu wa wodi: wauguzi wangapi wataajiriwa kwa kudumu? Mishahara italipwa tarehe ngapi? Damu na magari ya wagonjwa yametengewa kiasi gani? Na tukifika hospitali, tumkosoe muuguzi inapobidi, lakini matusi tuyaache nje ya lango.

Fomu nilimsaidia kujaza, kwa sababu ni haki yake. Hajaituma. Asema angoja kuona kama mshahara wa mwezi huu utaingia kwa wakati. Nami nimeanza kujifunza kumdunga dadangu sindano.