Winda la Mtoto na Kifuniko Chake cha Sufu

Neno nepi, ambalo siku hizi lashindana na neno letu winda, limetoka kwa Waingereza. Wao walilifupisha kutoka napkin, yaani kitambaa cha kupangusia mikono mezani. Wamarekani husema diaper, nalo zamani lilikuwa jina la kitambaa kilichofumwa kwa urembo, wala halikuhusu watoto. Liko neno la tatu, na historia yake yafaa kujulikana: pilch. Asili yake ni Kilatini, pellicia, yaani vazi la ngozi yenye manyoya. Baadaye likawa jina la kitambaa cha sufu cha pembe tatu, kilichofungwa juu ya winda. Ngozi imetoweka, jina likahamia sufu.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliwakaza watoto wachanga kwa vitambaa virefu mwili mzima. Mwaka 1748 mganga Mwingereza, William Cadogan, aliandika kuipinga desturi hiyo, na Rousseau akaipinga pia mwaka 1762. Polepole miguu ya watoto ikafunguliwa, winda likabaki peke yake kiunoni. Mwaka 1849 Walter Hunt wa New York alipata hati ya pini yenye kuificha ncha yake, nayo ikawafaa sana akina mama. Lakini winda la pamba hunywa maji, halafu huyapitisha. Nguo, kitanda na mapaja ya mama vyote hulowa. Ndiyo sababu ya kifuniko cha sufu.

Sufu ina tabia mbili. Nje ya kila unyoya yako magamba madogo yasiyopenda maji. Ndani yake hunywa unyevu, hata asilimia 30 hivi ya uzito wake, kabla mkono haujausikia. Tena hupitisha hewa, basi ngozi ya mtoto haipikwi na joto lake mwenyewe. Mama alikata flaneli, au alichukua vazi kuukuu la sufu, akalifua kwa maji ya moto na kulisugua hata likajikunja na kuwa nene. Ndipo akalikata, akaacha nafasi mbili za miguu, akashona, akatia utepe kiunoni. Wengine walifuma kwa sindano ndefu. Kifuniko kilipokwisha kushonwa, hakikufuliwa tena kwa maji ya moto, bali kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kikaanikwa kivulini. Mafuta ya kondoo yaliyomo ndani yake hayakupaswa kuondolewa. Mafuta hayo ndiyo lanolini, iliyopewa hati Ujerumani mwaka 1882 kwa kazi ya Otto Braun na Oscar Liebreich. Jina lake limeundwa kwa maneno ya Kilatini, lana, sufu, na oleum, mafuta.

Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alikuwa amepata hati ya mpira usioyeyuka kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Baadaye zikatokea suruali za mpira za watoto. Maji hayakutoka, walakini unyevu na joto pia havikutoka, ngozi za watoto zikawasha na kuchubuka. Mwaka 1946 Marion Donovan wa Connecticut alishona kifuniko kwa pazia la bafuni, akakitengeneza zaidi kwa nailoni, na mwaka 1951 akapata hati yake. Mwaka 1961 zikaja Pampers, nepi za kutumiwa mara moja na kutupwa.

Hatusemi kwamba kila cha kale ni dhahabu. Sufu ilidai muda na mikono mingi, na mama mwenye kazi nyingi hakosi sababu ya kuiacha. Lakini walioleta mpira walidhani kazi ya kifuniko ni kuzuia maji tu. Wanawake walioshona sufu walijua kwamba ni kuyazuia maji na kumwachia mtoto hewa. Elimu hiyo haikuandikwa sana katika vitabu vya wataalamu. Ilikaa mikononi mwa akina mama. Hata leo wako Ulaya na Marekani wanaoshona vifuniko hivi kwa sweta kuukuu, ingawa neno pilch karibu limesahauliwa. Basi tukusanyapo maneno na desturi, tusiwaulize wazee wanaume peke yao. Twende pia wanakofuliwa watoto nguo.