Viambishi awali: kutoka Ugogo hadi kilomita

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Itigi, mkoani Singida, hukutana na msamiati mpya kila kipindi. Akiukariri neno moja moja, atachoka mapema. Akifundishwa viambishi awali, neno moja humpa ukoo mzima.

Mwalimu aanzie nyumbani. Mgogo ni mtu mmoja, Wagogo ni wengi, Kigogo ni lugha yao, Ugogo ni nchi yao. Shina ni lile lile. Silabi ya mbele ndiyo inayobadili maana. Kisha darasa lipewe shina “-kimbu” na liachwe liunde maneno yake manne.

Hatua ya pili ni hisabati. Senti- ni sehemu moja ya mia, mili- sehemu moja ya elfu, kilo- ni elfu moja. Reli ya Kati inayopita Itigi, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya kisasa ina milimita 1,435. Anayeijua mili- atazigeuza tarakimu hizo kuwa mita bila kubahatisha.

Lakini si kila “ki” ya mwanzo ni kiambishi. Kilomita zikiwa mbili hubaki kilomita, haziwi “vilomita”. Kitabu nacho kimetoka Kiarabu, ambako “ki” ni sehemu ya neno lenyewe; Kiswahili kikakiingiza katika ngeli ya ki-vi, tukapata vitabu. Mifano hii miwili iandikwe ubaoni pamoja, ili mwanafunzi azoee kuuliza wingi wa neno kabla ya kulikata.