Bata Mmoja, Virusi Viwili

Januari 2017 ndege walianza kufa Lutembe, kando ya Ziwa Victoria. Huko Masaka, bata na kuku wa watu wakafuata. Kirusi kilikuwa H5N8. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai ya Uganda. Sawa, lakini ndege wa mwitu hapiti Busia.

Jeni za kirusi cha mafua ziko vipande 8. Bata mmoja akibeba virusi viwili, vipande vinachanganyika kama karata, na mara nyingi bata mwenyewe haonekani mgonjwa. Mafua yaliyozunguka dunia 1957 yalikuwa na vipande 3 kutoka kwa ndege. Ya 1968, 2.

Hapa Kabazi, Ziwa Solai si mbali. Kila mwisho wa mwaka bata wa Ulaya na Asia hushuka Bonde la Ufa kukwepa baridi, na bata wa boma hafungiwi.