Mionzi na ngozi: kupima damu inayopita chini yake

Mgonjwa wa kansa anayetibiwa kwa mionzi huanza kuona mabadiliko kwenye ngozi kiisha wiki mbili au tatu. Ngozi inapata moto, inawasha, inavimba kidogo. Baadaye inaweza kubanduka, na kwa wengine inatoa maji, hasa kwapani na chini ya ziwa. Wako wanaosema amerogwa. Sivyo. Mionzi, kabla ya kufika kwenye uvimbe, inapita ngozini na kuharibu chembe changa zinazopaswa kuchukua nafasi ya zile za juu. Mwili unajibu kwa kupanua mishipa midogo, na damu nyingi zaidi inapita pale.

Kwa desturi muganga huangalia kwa macho na kutoa alama: 0 ni ngozi isiyobadilika, 4 ni kidonda kibaya. Alama za mwanzo hutegemea sana wekundu. Hapo jambo linatuhusu sisi, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mara nyingi ngozi inazidi tu kuwa nyeusi. Mtu wetu anaweza kuandikiwa alama ndogo huku anaumia.

Kwa hiyo watafiti walitafuta kipimo kisichotegemea jicho, na kimojawapo ni leza. Christian Doppler wa Austria alieleza mwaka 1842 kwamba wimbi linalotoka kwenye kitu kinachotembea hubadilika. Tunalisikia kila siku barabarani: pikipiki ikija sauti ni nyembamba, ikishakupita inakuwa nzito. Mwaka 1975 Michael Stern alionyesha kwamba mwanga wa leza unaweza kufuata mwendo wa damu ngozini. Mwanga huo dhaifu unaingia kama milimita moja, unagonga chembe nyekundu za damu zinazotembea, unarudi umebadilika kidogo, na mashine inahesabu. Hauchomi wala hautoboi.

Hesabu hiyo haisemi ni damu kiasi gani. Inafaa kwa kulinganisha tu: ngozi ile ile kabla ya matibabu, au ziwa la upande mwingine. Tena inadanganyika kwa urahisi. Baridi ya chumba, kahawa, sigara, hata kujisogeza kidogo, vyote vinaibadilisha, na weusi wa ngozi nao unanyonya sehemu ya mwanga. Ndiyo maana kipimo hiki kimebaki zaidi mikononi mwa watafiti.

Ndugu zetu wa mashariki wanaovuka mpaka kwenda kutibiwa Kampala au Kigali wataangaliwa hasa kwa macho. Basi mgonjwa aseme mwenyewe: panawaka, pananiuma, usiku silali. Asingoje muganga aone. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali bila kusugua, asifute alama alizochorwa, avae nguo pana ya pamba, afunike pale jua lisipige. Dawa za majani asipake, wala plasta asibandike pale.

Na asikatishe matibabu bila kuongea na muganga, kwa sababu siku zikirukwa chembe za kansa zinapata nafasi ya kukua tena. Jamaa wa nyumbani nao wasimwogope: aliyepigwa mionzi ya mashine kutoka nje habaki na mionzi mwilini. Anaweza kula nao sahani moja na kumpakata mtoto jioni ile ile.