Zeze, Udi na Gitaa: Nyuzi Zilivyokutana Bagamoyo

Karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi kutoka bara iliishia kwenye pwani ya Bagamoyo, na majahazi ya Unguja yakatia nanga papo hapo. Hivyo ala za nyuzi zilifika kwa njia mbili, baharini na nchi kavu, nazo zilichukua muda mrefu kupigwa pamoja.

Njia ya bahari ilitangulia. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, anakumbukwa kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho taarabu yake ilijengwa juu ya udi, kanuni na fidla. Udi na kanuni ni ala za Kiarabu, fidla ni ya Ulaya. Zilipatana kwa sababu udi na fidla hazina vizuizi shingoni, na kidole kinaweza kutua kwenye sauti yoyote ambayo maqamu, yaani mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, inaitaka. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, uimbaji wa Kiswahili ulikuwa umekwisha kuuzoea mchanganyiko huo.

Ala za bara zilichelewa kukutana, kwa kuwa kila moja ilikaa na watu wake. Wagogo wana zeze la kibuyu, linalopigwa kwa upinde. Wakurya wana litungu lenye nyuzi 8. Nanga ya Wahaya huchongwa katika kipande kimoja cha mti kama kihori, kisha uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huko hadi ukatoa sauti kadhaa. Baada ya Uhuru, serikali iliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, kisha vikundi vya sanaa vya taifa vilivyowaleta wapigaji wa mikoani Dar es Salaam. Vikundi hivyo vilipovunjwa, kazi yao ilirithiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Hapo kijana wa kabila lolote aliweza kujifunza zeze na litungu chini ya paa moja.

Mwalimu aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa mkoani Dodoma mwaka 1938. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, naye baadaye akahamia Bagamoyo, ambako aliishi na kufundisha. Mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada.

Kazi ya namna hiyo, ya kuchanganya zeze na gitaa, hukutana na kikwazo kimoja kikubwa, nacho ni namna ya kukaza nyuzi. Sauti za muziki wa Wagogo hufuata sauti asilia zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotikisika. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya ile inayokaribiana nayo kwenye gitaa kwa takriban theluthi moja ya nusu-toni. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye hesabu, lakini sikio huisikia mara moja, na ala mbili zikishika sauti hiyo pamoja, zinagombana.

Wanamuziki wana njia tatu za kuupatanisha ugomvi huo. Ya kwanza ni kulikaza zeze upya lifuate gitaa. Ni njia rahisi, lakini zeze hupoteza lafudhi yake. Ya pili ni kuligeuza gitaa lifuate zeze. Ya tatu ni kuziacha sauti zenye mgogoro kwa ala moja tu, nyingine ikishika zile zinazopatana. Ala isiyo na vizuizi, kama udi au fidla, ina nafasi nzuri zaidi hapa, kwa kuwa mpigaji anaweza kuifuata nyingine bila kuibadilisha ala yake.

Zawose alifariki Desemba 2003, na familia yake imeendelea na kazi hiyo. Pendo na Leah Zawose, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024. Wanaofundisha na kurekodi muziki huu wana wajibu mmoja ulio wazi: kabla ya kulikaza zeze lifuate gitaa, walirekodi kwanza katika sauti zake lenyewe, ili atakayetaka kulichanganya kesho aanze na zeze kamili.